Neno Lililopakwa Kwenye Kasha la Leta-Beba

Kasha lile nalichunga mimi. Nililipigilia mwenyewe ukutani kwangu, hapa Buyenzi, nikaliita Leta-Beba: una kitu kidogo hukihitaji, leta, umeona kinachokufaa, beba. Vifungo, zipu, vifuniko vya chupa za chai. Kila asubuhi nalifuta vumbi na kutupa upuuzi. Watu bwana! Kuna aliyeniwekea meno ya bandia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mshonaji wa kofia. Hatumii mashine, anashona kwa mkono, tundu kwa tundu, zile kofia wanaume wanazoringia siku ya Idi. Ndizo zinazomlisha tangu alipofiwa na mume. Mwaka huu macho yakaanza kumchezea. Akawa ananiita nimtungie uzi kwenye sindano, halafu akaacha kuniita. Anakaa tu, kofia mapajani.

Siku moja nikakuta lineti ndani ya kasha, miwani ya kusomea, nzima kabisa. Sikumpelekea. Namjua, ukimpa mkononi atakataa. Nikamwambia tu, “Dada, pita kwenye kasha.” Akapita, akaacha kibunda cha uzi mzuri, akabeba lineti. Jioni nikamsikia anacheka peke yake: ametunga uzi mwenyewe.

Basi jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee wa kanisa, akaona kasha langu halina heshima. Nilikuwa Kajaga msibani. Narudi, nakuta limepakwa buluu, na herufi kubwa nyeupe: SADAKA. Mwenyewe kasimama na brashi, anatabasamu.

“Mama, sasa inapendeza, ao?”

“We mutu, umefanya nini?”

“Sadaka ni kitu kibaya?”

Kwao sadaka ni ile unayoipeleka mbele kanisani, umevaa vizuri, unaimba, unamtolea Mungu. Kwetu Waislamu, sadaka ya barabarani anapewa masikini aliyenyoosha mkono. Hakukusudia ubaya, najua. Nilimtukana hivyo hivyo, tena mbele ya wanawe, na hata leo sijamsamehe.

Nikachukua kisu nikaanza kukwangua. Nimechelewa. Lineti zilikuwa zimesharudi ndani ya kasha, zimefungwa kwenye kitambaa. Nikamwendea jirani yangu.

“Mi si masikini,” akasema. “Mutaa muzima wameniona nabeba.”

“Uliacha uzi, dada! Mulibadilishana!”

“Apana. Imeandikwa. Nimesoma mi mwenyewe.”

Alisoma, ndiyo. Kwa lineti zile zile.

Rangi nimeikwangua yote, ila ukisimama karibu neno bado unaliona kwenye ubao. Watu wanapita mbali. Lineti hakuna anayezigusa, na yeye salamu zangu anaziitikia akiwa ndani, mlango umefungwa.

Leo asubuhi nimefungua kasha kufuta vumbi. Nimekuta kofia imeshonwa nusu. Sindano bado imechomekwa, na haina uzi.