Swalihu na Uzio wa Minyaa

Swalihu wa Majengo aliingia kwenye biashara ya nafaka mara tu serikali ilipowaachia watu binafsi kununua mtama vijijini. Hakumwamini mtu. Kila gunia alilichoma bambo, ule mrija wa chuma, hadi katikati, akaumwaga mtama kiganjani, akaukagua kama hauna mchanga. Basi mtu huyo mwenye macho ya polisi akaenda kijijini Haneti, akalala kwa Anjelina, mama muuza chai, bila kuuliza lolote!

Alfajiri Anjelina alimtolea uani ili majirani wasimwone. Uzio ulikuwa wa minyaa. Swalihu akavunja matawi, akajipenyeza, akasimama upande wa pili akakojoa, kisha akaenda kupanda lori lililomrudisha mjini. Njiani alianza kuwashwa, akadhani ni vumbi na jasho la safari. Usiku akalala na mkewe, Salwa, kama kawaida.

Kulipokucha alikuta malengelenge pale pasipotajwa mbele ya wakwe. Akakumbuka kidonda mdomoni mwa Anjelina, kile alichosema ni cha homa. Homa gani ile? Redioni alishasikia habari za malengelenge ya zinaa, kwamba yakikuingia hayatoki tena mwilini. Na Salwa je? Kama ameshamwambukiza? Hapo ndipo alipoogopa hasa.

Tangu siku hiyo akampa mkewe mgongo, akisingizia kiuno. Salwa akimtazama, Swalihu anaona amejua. Asipomtazama, anaona amejua zaidi. Hata alipomsikia akicheka na jirani yao Shamila, alisogea dirishani kusikiliza. Walikuwa wakiongea habari za vitenge.

Mwishowe akaenda zahanati moja ya binafsi kule Chang'ombe, wasikomjua. Daktari akamkagua, akamuuliza alikopita, alichoshika. Swalihu akaeleza, macho yakiwa sakafuni, mpaka akafika kwenye uzio.

"Ulinawa mikono kabla ya kukojoa?"

"Ningenawa wapi, daktari?"

"Basi haya ni maziwa ya minyaa, yamekuunguza. Yatapona. Lakini huyo mama simjui, na wewe humjui. Ugonjwa unaweza kukaa usionekane. Njoo na mkeo, niwaone wote wawili."

Swalihu alisikia nusu ya kwanza tu. Alirudi Majengo akitembea kifua mbele, akanunua na tende njiani. Akamkuta Salwa anapepeta mchele.

"Mke wangu, si kiuno! Nilikuwa nakuficha. Nilitokwa na malengelenge, nikahofia ugonjwa mbaya. Kumbe ni minyaa tu! Daktari kaniambia mwenyewe."

Salwa aliacha kupepeta. "Minyaa ya wapi?"

"Ya Haneti. Uzio wa pale nilipolala."

"Si uliniambia ulilala ndani ya lori, pale sokoni?"

Swalihu akamnyooshea tende. Salwa hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amevaa baibui.

"Nipeleke kwa huyo daktari."

"Salwa, nimekwambia ni minyaa."

"Wewe umeunguzwa na minyaa. Mimi sijui nimepewa nini. Siku ile uliporudi, Swalihu, kiuno kilikuwa hakijaanza kukuuma."