Mtihani Ambao Haukuwepo

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kabiro, mtu mzima akionekana na kitabu huulizwa maswali mawili tu. Unasomea nini? Mtihani ni lini? Mimi nimeulizwa yote mawili hadi nikachoka kujibu, na ndiyo maana mambo yakafika yalikofika.

Mimi ni fundi wa nguo. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi niko kwenye veranda ya duka la mtu karibu na steji ya matatu, nakanyaga cherehani, nashona yunifomu na kupanua suruali za wanaume wasiokubali kwamba wamenenepa. Jumapili ikifika macho yamechoka na mgongo umechoka zaidi. Mwenye akili angelala. Mimi natoa kigoda, naketi nje ya mlango wangu, maana chumba hakina dirisha na mwanga uko nje, kisha nasoma hadithi. Sina sababu nyingine.

Ugonjwa huu niliupata katika mtaa wa mabanda wa Gatwekera nikiwa mtoto. Mama alikuwa amebandika magazeti ukutani ili udongo usitumwagikie kitandani, nami nikawa nalala nikiyasoma. Habari nyingine ziliishia penye nguzo, nyingine zilibandikwa juu chini, nikazisoma nimepinda shingo. Mama, aliyetoka magharibi kuja kufulia watu nguo, alikuwa akiniona hivyo ananiuliza, "Hiyo ukuta itakuja kwa mtihani?" Nikisema haitakuja, ananipa mtungi nikachote maji. Simlaumu. Kwake kusoma kulikuwa ngazi, na mtu hakai kwenye ngazi kupunga upepo.

Kwa hiyo jirani yangu wa mlango wa pili, mama mboga mwenye sauti ya kuita wateja hata akiwa kwake, aliponiuliza mara ya kwanza nasomea nini, nilimjibu, "Nasoma tu."

"Tu?"

"Hadithi tu, mama mboga. Sina mtihani."

Alinitazama, akateremsha sauti. "Ni sawa, Fundi. Usiseme. Watu wa hii ploti wako na macho mbaya."

Hapo ndipo yalipoanzia. Alijua kwamba niliacha shule kidato cha pili mama alipougua, basi akajipa jibu mwenyewe: nimejiandikisha kwa siri kufanya mtihani wa kidato cha nne, na nakana nisije nikarogwa, au nikaanguka watu wakacheka. Kwetu mtu hatangazi safari kabla hajafika. Kadiri nilivyozidi kukana, ndivyo alivyozidi kuamini. Akamnong'oneza mwenye ploti, shosho, bibi kizee aliyezaliwa papa hapa Kabiro ikiwa bado mashamba, naye shosho akatoa amri kwamba Jumapili alasiri redio zipunguzwe. Watoto waliokuwa wakicheza mpira uani wakafukuzwa hadi barabarani. Na zamu yangu ya kuosha choo, kile kimoja tunachotumia wapangaji wote, ilipofika, nilimkuta mama mboga amekunja rinda, brashi mkononi.

"Wewe soma," akasema. "Mimi sina kichwa ya vitabu, lakini mikono niko nayo."

Nilimwambia tena kwamba hakuna mtihani. Akacheka. Kuna kuchoka kwa kazi, na kuna kuchoka kwa kusema ukweli usioaminiwa, na huko kwa pili hakuponi hata ukilala. Nikaketi, nikasoma. Na niseme wazi: sijawahi kusoma kwa raha kama miezi ile. Kitabu nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba, hakina jalada, hata jina lake silijui. Kinahusu mjane anayegongewa mlango kila jioni na mtu asiyejitambulisha, naye hafungui. Nilikisoma polepole ili kisiishe.

Msimu wa mitihani ulipokaribia, mama mboga aliniletea kadi ya mafanikio, zile za maua wanazonunuliwa watahiniwa. Ploti nzima ilikuwa imeandika humo. Hata watoto waliofukuzwa uani walikuwa wamenichorea kalamu na jua. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ukipita," akaniambia, macho yakiwa kwenye majani ya sukuma aliyokuwa akikatakata, "hata mimi nitaenda ile shule ya watu wazima. Niliachia la saba. Nitakuwa nimejua inawezekana."

Kicheko changu chote kiliishia pale. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha kitandani, nikampa kitabu, nikamwambia asome popote anapotaka. Akasoma akifuatisha kidole, midomo ikicheza. Kisha akafunua mbele, akafunua nyuma, akafunua tena katikati. Kila kitabu alichowahi kushika kilikuwa na maswali mwisho wa sura.

"Maswali iko wapi?"

"Hakuna maswali."

"Sasa watajuaje kama umeelewa?"

"Hakuna anayetaka kujua, mama mboga."

Alikilaza kitabu mapajani. "Aki, Fundi. Mimi nimeosha choo hiyo miezi yote juu ya hadithi?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia," akasema, wala hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alitoka bila kufunga mlango.

Kufikia jioni ploti yote ilikuwa na habari. Redio zilirudi, na mpira nao ukarudi ukigonga mabati juu ya kichwa changu. Shosho alipita, akasema, "Mtu mzima na hadithi!" akaenda zake. Niliosha choo kwa zamu yangu, na kwa zamu nyingine zisizo zangu, kwa haya tu. Nikiketi kusoma, maneno yananipita. Nilichotaka katika wiki nzima ni saa moja isiyo na faida kwa mtu yeyote, na sasa hata hiyo niliiona nzito kuliko cherehani. Nilianza kulala Jumapili, kama watu wenye akili.

Siku moja nikajilazimisha kutoka tena na kigoda changu. Mama mboga akatoka kwake na mtungi mtupu wa plastiki, akaugeuza, akauketia karibu nami na sinia la sukuma magotini. Hakunisalimia.

"Soma," akasema. "Kwa sauti. Nataka kusikia kitu nilikuwa naoshea choo."

Nikaanza mwanzo. Nilisoma vibaya, nikishindana na redio ya mlango wa tano. Mjane akapika, akala peke yake, mlango ukagongwa. Kisu cha mama mboga kilikuwa kikienda mbio, kikapunguza mwendo, kikasimama. Nilisoma hadi pale mjane anapoweka mkono kwenye komeo, nikakumbuka kitu, nikafunga kitabu na kuinuka.

"Unaenda wapi?"

"Leo ni zamu yangu ya choo."

Nilidhani ataniambia nikae. Hakuniambia. Alinisogezea brashi ya choo kwa mguu.

"Osha haraka," akasema, "urudi tujue kama alifungua."