Mawe Kumi na Moja ya Kwaya

Wakati ule Kariakoo mtu alipanga foleni kwa jiwe. Ukisikia duka la ushirika litaleta sukari, unaenda kuweka jiwe lako kwenye mstari, kisha unarudi kwenye shughuli zako. Jiwe likiwa pale, na wewe upo. Lakini jiwe halina mdomo. Ukiliacha peke yake, mwenye haraka analisukuma kwa mguu, ukirudi unajikuta wa mwisho. Kwa hiyo tuliwaweka watoto walinde mawe.

Na mimi wangu nilimweka. Nasema mapema, nisije nikaonekana nilikuwa mwema.

Mwalimu wa kwaya ya watoto kanisani kwetu alikuwa binti tu, mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa nane mchana. Alikuwa na watoto kumi na tano. Sukari ilipoadimika wakabaki wanne. Jumapili wale wanne wakasimama mbele, wakaimba kama vifaranga walionyeshewa na mvua, na wazee wa kanisa wakanong'ona kwamba binti kazi hajui. Hakuna aliyeuliza wale kumi na mmoja wako wapi. Sote tulijua wako wapi.

Ijumaa akanipitia gengeni, nilikuwa nauza nyanya. Akaniamkia shikamoo, akashika nyanya moja akawa anaizungusha mkononi. Nikamwuliza kama binti yangu anamsumbua. Akasema hapana, angemsumbua basi angekuwa yupo. Kisha akasema, "Mama, keshokutwa baada ya ibada nawarudishia wazee ufunguo wa kabati."

Ndani ya kabati lile mlikuwa na vitabu vya nyimbo na nguo za kwaya. Kurudisha ufunguo ndiyo kuacha kazi.

Mimi maneno matamu sina. Mwingine angemwambia Mungu atakulipa. Mimi nilimwambia anunue nyanya au aache kuibonyeza. Akaiweka chini, akaenda. Tangu hapo sikutulia. Nilipanga mafungu, nikayapangua, nikayapanga tena.

Asubuhi yake nikapita kwa wazazi wa wale watoto. Sikuwaomba. Niliwaambia mtoto aweke jiwe, saa nane aende akaimbe, jiwe nitalilinda mimi. Fundi baiskeli mmoja akaniuliza, na sukari ikija? Nikamjibu nitawaita.

Saa nane watoto wakakimbilia kanisani, mtaa wa pili tu. Nikabaki na mawe kumi na moja, ingawa mawe hasa yalikuwa machache: palikuwa na nusu tofali, kopo la mchanga, kandambili iliyokatika. Nilikaa kama niliyekalia siafu. Nasimama, natazama mlango wa duka, nakaa. Kopo limesogezwa, nalirudisha. Kutoka kanisani nawasikia wanaanza, wanakatishwa, wanaanza tena. Kila wakikatishwa, nadhani binti ameshachoka nao.

Lori likaja. Mstari ukabanana. Hapo ndipo nilipobanwa na mimi. Nikiwaita, mazoezi yamevunjika tena na kesho ufunguo unarudi. Nisipowaita, jiwe halipimiwi sukari, na nyumba kumi na moja zitanidai. Sikuita.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Wewe mama, umezaa mawe?" Mwingine akadakia kwamba huyu ni mlanguzi, na miaka ile neno hilo halikuwa la mchezo. Mgambo akaja, akataka kujua mawe haya ya nani.

"Hili sauti ya kwanza," nikamwambia. "Hili nalo sauti ya kwanza. Kopo ni sauti ya pili, mtoto wa fundi baiskeli. Kandambili hajui kuimba, lakini anaenda."

Watu wakacheka. Mgambo hakucheka. Nikamwambia kama haamini aende mtaa wa pili akahesabu midomo. Akaenda. Mlango wa duka ukafunguliwa, mstari ukaanza kutembea, nami nasukuma mawe kwa mguu, moja moja, huku natukanwa. Wimbo kule ukaanza, ukaenda, ukaenda, safari hii haukukatishwa hadi mwisho.

Ndipo nikawaona wanakuja mbio, mwalimu nyuma yao, mgambo nyuma ya mwalimu. Mgambo akaniambia, kama anayejitetea, "Nilisubiri wamalize."

Kila mtoto akasimama kwenye jiwe lake. Sukari ikaishia kwenye jiwe la kumi. La kumi na moja lilikuwa kandambili, na kandambili ilikuwa ya binti yangu. Tukanywa chai bila sukari wiki nzima. Alinuna, nikamwacha anune.

Jumapili wakasimama wote kumi na tano. Baada ya ibada nikamsubiri mwalimu mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, maana alikuwa bado anaongea na wazee na sikusikia wanasema nini. Alipotoka nikamwambia wimbo wa pili walianza juu mno.

Akasema, "Nimesikia, mama."

"Kabati umefunga?"

"Nimefunga."

"Na ufunguo?"

Akafungua kiganja, akanionyesha. Ulikuwa humo.