Sauti ya Kumfikisha Shangazi

Kwetu Buyenzi, shangazi wa bibi harusi hakimbilii kutunza wanamuziki. Huinuka polepole, kanga mpya mkononi, akacheza hatua kwa hatua kuelekea kwa mpigaji. Mpigaji naye humvuta kwa sauti moja ndefu, isiyokatika, mpaka kanga imtue begani. Ikikatika shangazi akiwa katikati ya ua, ameaibika yeye na ukoo wake.

Katika kundi letu la taarabu kazi hiyo ilikuwa ya mpiga fidla. Vita vilipochacha akakimbilia Kigoma, nikabaki mimi na gitaa langu la umeme, ambalo sauti yake hufa kabla shangazi hajajitanda vizuri. Kiongozi wetu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Aliniambia nikiaibisha harusi ya Jumapili, atamchukua kijana mmoja wa piano, nami nirudi gereji nilikotoka. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Gereji nilikuwa nikifungua boliti za watu. Kwenye gitaa nilikuwa mtu.

Enzi zile za vikwazo, bidhaa haziingii nchini, maduka ya mtaa wa Asiatique yalikuwa yanapiga miayo. Hata hivyo, mfanyabiashara mmoja alikuwa na vyombo viwili vya kurefusha sauti ya gitaa. Cha kwanza kilikuwa pedali ya kukanyaga. Cha pili, kidude cha kushika mkononi, chenye betri na sumaku ndani: ukikishikilia juu ya uzi bila kuugusa, uzi unatetema wenyewe. Uwezo wangu ulikuwa wa kimoja. Kiongozi alitaka pedali, maana inarefusha nyuzi zote sita, na kidude kinashughulika na mmoja tu. Alinicheka sana juu ya huo uzi mmoja.

Mwenye macho haambiwi tazama. Nilimchukua shangazi yangu mwenyewe, mama mnene, mtunzaji anayejulikana mtaa mzima, nikampeleka dukani. Nikamwomba atembee kutoka mlangoni hadi kwangu kama yuko harusini. Kwa pedali, sauti ilianza vizuri, ikachoka, ikageuka mvumo, naye hajafika hata nusu ya njia. Kwa kidude, alifika. Akarudi mlangoni, akaja tena kwa maringo ya makusudi, na sauti ikamsubiri.

"Beba hii," akasema. "Hii iko na adabu."

Jumapili tulipiga mchana, kwa kuwa usiku kutoka kulikatazwa, na vyombo vyetu vilikula betri ya gari. Shangazi wa bibi harusi akainuka. Nikashusha kidude juu ya uzi, sauti ikaanza nyembamba, kisha ikajaa ua mzima. Alipofika katikati, mizinga ikalia upande wa milimani. Wageni wakageukia mlango, wengine wakashika watoto wao. Shangazi akasimama palepale, akanitazama mimi.

Niliogopa, sitaficha. Vidole vyangu vilitetemeka juu ya uzi, na sauti ikatetemeka navyo, ikawa tamu kuliko zote nilizowahi kupiga. Haikukatika. Shangazi akanyanyua mguu, akaja. Hakuharakisha hata kidogo. Kanga iliponitua begani, vigelegele vilipasuka, na hakuna aliyekuwa akitazama mlango tena.

Kiongozi aliinama sikioni kwangu.

"Yule wa piano abakie kwao," akasema.