Nyama Isiyo na Préservatif

Baba yangu ni muuza nyama hapa Embu mjini, na fahari yake ni kwamba nyama yake haitiwi dawa. Inayochinjwa asubuhi huisha jioni. Hata friji aliikataa. Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema kwa Kifaransa nilipochaguliwa kuhutubia siku ya wazazi shuleni kwetu, upande wa Manyatta.

Neno la dawa hiyo nililijua kwa Kiingereza tu: preservative. Nikaligeuza mwenyewe, likawa préservatif, kisha nikampelekea madam wa Kifaransa hotuba aikague. Aliisoma yote, akatabasamu.

"Usibadilishe kitu," akaniambia.

Baba alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akaketi mbele kabisa kwenye hema la wazazi. Nikasema kwa sauti: "Mon père vend de la viande sans préservatif." Wasichana wa darasa letu wakaangua kicheko.

"Rudia, hatujasikia vizuri," madam akaniambia.

Nikarudia. Baba, kwa kuona watu wamefurahi, akapiga makofi na kucheka pamoja nao.

Ndipo madam akamgeukia. "Mzee, unajua binti yako amesema nini?"

"Sijui, mwalimu. Lakini amesema vizuri."

"Amesema unauza nyama bila kondomu. Dawa ya kuhifadhi huitwa conservateur. Na conservateur pia ni mtu asiyetaka mabadiliko. Kama wewe, mzee."

Hema zima lilicheka, mwalimu mkuu akiwemo. Baba alikuwa bado ameshikanisha viganja vyake. Alivishusha polepole, akaviweka magotini.

Kumbe kuna mtu alirekodi. Kufikia Jumatatu video ilikuwa imefika sokoni, na vijana wakawa wanasimama mlangoni kwa baba: "Mzee, leo ni na kondomu ama bila?" Yeye aliendelea kukata mifupa.

Jioni aliniuliza, "Ulijua maana yake?"

"Sikujua, baba."

"Na mwalimu aliisoma hotuba kabla?"

"Aliisoma."

Akasukuma sahani yake kando. Kesho yake alikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alimwambia ulikuwa utani tu, na kwamba watoto hushika somo vizuri wakichekeshwa. Madam hakutoka hata kumsalimia.

Kifaransa nilikiacha wiki hiyo, ingawa hakuna aliyekuwa akinishinda darasani. Baba hakukanyaga tena shuleni. Nilipomaliza, mama ndiye aliyenisindikiza kuchukua cheti.