Zilibaki Siku Tisa

Nilitoka Unguja kwenda kumchukua mama mdogo Echata, mdogo wake mama yangu, aliyefiwa na mumewe huko Mahajanga, Madagaska. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Hakuwa na mtoto wala kaka, na alikuwa amekaa eda peke yake. Mama alinipa doti ya kanga nyekundu ya kumvika siku atakayotoka eda. "Kaa naye mpaka amalize," akaniambia, "kisha uje naye."

Kisiwa cha Nosy Be, kaskazini mwa Madagaska, nilikifikia kwa meli ya mizigo kutoka Moroni, eda ikiwa imebakiza siku kumi na tano. Alinipokea Ami Saidi, jamaa wa baba, fundi cherehani pale mjini Hell-Ville. Yeye alisema Kingazija, mimi Kiswahili, tukaelewana nusu kwa nusu. Mvua haikuwa na kituo. Nilipotaka kuendelea na safari, Ami alicheka.

"Una haraka ya nini, mwanangu? Mwenye eda haendi popote. Utamkuta."

Nikaona kweli. Kamba wa Nosy Be ni wanene, na mke wa Ami alijua kuwapika kwa nazi. Nikakaa siku sita. Nawaandikia hili kwa aibu, kwani hakuna aliyenifunga kamba miguuni.

Siku ya sita redio ilisema kimbunga kimepiga Mahajanga. Kwetu ulivuma upepo tu, ukamwaga maua ya mlangilangi na kung'oa mabati mawili. Kesho yake nilivuka kwa boti hadi Ankify, bara. Toka hapo njia ilikuwa imekatika hapa na pale. Tulishuka garini, tukavuka matope kwa miguu, tukadandia gari jingine upande wa pili. Siku saba nzima, na kila mto tuliouvuka ulikuwa mwekundu.

Mahajanga niliingilia mtaa wa juu, wa nyumba za mawe. Zilikuwa zimesimama, watu wakianika magodoro barazani. Moyo wangu ukatulia. Katika nyumba moja ya ghorofa kulikuwa na mjane mwingine ndani ya eda, Bi Mariamu. Kaka zake wawili walikuwa wakimpandishia maji ya kunywa. Nilipomuulizia mama mdogo, wakanieleza kuwa naye aliwahi kuwa jirani yao, katika nyumba ya mawe. Yeye na mumewe walikimbilia Ngazija wakati wa machafuko, Wangazija walipouawa mjini humo, na waliporudi walikuta nyumba ina wenyewe wapya. Ndipo walipohamia bondeni, kwenye vibanda vya bati kando ya mikoko.

"Bondeni kukoje?" nikauliza. Wakanipa mtu wa kunipeleka, Bwana Hamadi, Mngazija wa msikiti wa hapo.

Bondeni palibaki nguzo na tope. Jirani wa mama mdogo, Mmalagasi aitwaye Mama Soa, alikuwa akichimbua sufuria zake. Alizungumza, Hamadi akatafsiri.

"Maji yalikuwa magotini. Nikamvuta mkono. Akasema hawezi kutoka, zimebaki siku tisa."

Mama Soa akaongeza neno, akimwelekezea Hamadi kidole. Hamadi hakutafsiri. Mwanamke akalirudia kwa ukali.

"Anasema sisi tulipita mlangoni pake," Hamadi akasema, macho chini. "Tulikuwa wanaume wanne, tunatoa watu. Tulijua yumo. Tukaona haya kumwingilia mwenye eda. Tukasema atakuja maharimu wake, ndugu yake wa damu, amtoe."

"Hamkujua kwamba dharura inaruhusu?"

"Tulijua, bwana. Hatukumwambia."

Nilitaka kumtukana. Lakini maharimu wake nilikuwa mimi, na usiku wa kimbunga nilikuwa Hell-Ville, nimeshiba.

Katsepy, ng'ambo ya ghuba, ndiko alikookotwa, katika mikoko. Nilivuka kwa kivuko. Mama mdogo aliyekataa kuvuka kizingiti alikuwa amevushwa ghuba nzima. Wavuvi walimzika pamoja na wengine watatu, wote wa bondeni. Nilimsomea, nikalia mpaka mvuvi mmoja akaniletea maji. Niliporudi Mahajanga, kanga nilimpa Mama Soa, ambaye hakuwa na nguo ya kubadilisha.

Nimewasikia wengi wakisema kimbunga hakichagui. Nyumba na jamaa vilikwisha kuchagua kabla upepo haujaanza. Bi Mariamu alimaliza eda yake ghorofani, kaka zake mlangoni. Mama mdogo hakuwa na nyumba ya mawe tena, wala kaka, na mwana aliyetumwa kwake alikuwa anakula kamba.

Unguja nilifika peke yangu, mama akaelewa kabla sijatua mfuko. Nilimsimulia yote: matope, magari, wanaume wanne, Katsepy. Nikakazia mno habari za njia kukatika. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Njia zilikatika baada ya kimbunga," akasema. "Kabla yake ulikuwa wapi?"