Kadi ya wireless, Linux, na antena iliyogeuzwa kwa mchi wa kutwangia (Mwanza, miaka ya tisini)

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa zamani na mliojiunga juzi.

Nimeona uzi wa kijana analia WiFi ya chumba cha pili haishiki. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Ngoja niwape yangu. Ni ya kweli tupu, na dada yangu yumo humu humu jukwaani, nikidanganya atanikaanga.

Miaka ya tisini inaishia, Mwanza. Mimi fundi kwenye mradi mdogo wa utafiti wa samaki, ofisi iko mjini. Mzungu wetu alipomaliza mkataba aliniachia laptop nzito kama tofali, ndani Linux badala ya Windows, ubavuni unachomeka kadi ya wireless. Kadi ina waya mpaka nje kwenye antena yenye vijiti, ukiiona utasema ya TV. Ukiielekeza mjini inaongea na mashine ya ofisini, na ile ya ofisini ndiyo inayotuma email duniani.

Sisi tunakaa Ilemela, juu ya mawe. Antena nikaifunga kwenye bomba la chuma pembeni ya nyumba. Majirani wakajua tumenunua TV na tunawabania.

Sasa sikilizeni shughuli ilipoanzia.

Dada yangu Nyamisi alipata nafasi ya kwenda kusoma Norway, mambo ya maabara ya samaki. Barua ikachelewa njiani, imetufikia wiki hiyo hiyo ya mwisho. Ijumaa jioni awe amejibu kwa email, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Faksi ya posta tukajaribu, ikagoma. Ofisini kwetu kumefungwa, wenzangu wote wako visiwani Ukerewe kupima samaki, na funguo wameondoka nazo. Nashukuru tu mashine waliiacha inawaka.

Kwa hiyo ni mimi na kadi yangu. Na mdomo wangu, maana nilishamwambia Nyamisi, "Hiyo kazi ndogo, dakika tano."

Nachomeka kadi. Kwa Linux ya wakati ule, ikionekana inalia mlio mwembamba. Ikikubali, unafuata mwingine mwembamba. Ikikataa, wa pili unakuwa mzito.

Mwembamba. Mzito.

Chomoa, chomeka. Mwembamba, mzito. Nyamisi anasema, "Kaka, hicho kifaranga chako kinaumwa."

Niliudhika jamani! Nikazama kwenye mafaili ya settings. Kumbe kadi yangu na kadi ya sauti zinagombania interrupt moja, ile namba ya kuiita processor. Nikaandika mstari mmoja kwamba hiyo namba kadi isiiguse. Nachomeka: mwembamba, mwembamba! Niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati.

Furaha ya bure. Kadi nzima, ila mawasiliano sifuri. Haioni ofisi kabisa.

Hapo ndipo ujuaji ukanipanda. Nikasema ni driver, ile programu ya kuendesha kadi. Nikaamua kucompile kernel, yaani kuujenga moyo wa Linux upya, na kwa laptop ile unaanza asubuhi, unakula mchana, unaoga, bado inasaga. Ikaisha. Sifuri vile vile. Nikacompile tena.

Wakati huo nyumbani hali si nzuri. Mama yetu, mjane, Mjita wa kule Musoma vijijini, tangu barua ije hajasema neno. Ukitaja Norway anainuka anaenda kupepeta mchele. Nyamisi akawa analia chooni. Ijumaa mchana akaniambia, "Acha tu kaka. Mama hataki niende, na mashine yenyewe haitaki."

Nilijisikia vibaya sana. Nikatoka nje nikague waya, basi tu nisimtazame usoni.

Wakuu, antena inatazama ziwani!

Mjini iko huku, yenyewe imegeukia kule kwenye maji. Kile kibanio cha kuishikilia kimepasuka. Nikapiga kelele, "Nani kagusa antena yangu?"

Mama yuko kibarazani na ungo wake. "Mimi."

"Mama! Kwa nini?"

"Si mlisema barua inaenda Ulaya? Ulaya iko mjini? Ndege za minofu ya samaki kila siku nazitazama, zinaelekea kule ziwani. Nikaona mwanangu umekosea, nikaigonga kwa mchi ikageuka. Tangu Jumanne."

Nikageuka. Nyamisi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, kumbe unataka niende?"

"Nani kakwambia sitaki? Nilinyamaza nisije nikalia mbele yako ukaghairi."

Hapo wakaanza kulia wote wawili, na mimi kusema kweli sikuwa mbali. Ila saa zinakwenda. Nikaigeuza antena mjini, nikiachia tu upepo wa ziwa unaizungusha. Mama akaweka ungo chini, akalikumbatia lile bomba kwa mikono miwili.

Mimi ndani, Nyamisi dirishani, tukaanza ile ya kutafuta picha ya TV. "Bado! Kulia kidogo mama! Umepitiliza! Rudi! Hapo hapo usitikisike!"

Ikashika. Barua ikaanza kwenda, pole pole kweli, mpaka ikaisha.

Nikatoka mbio. "Mama, achia, imeenda!"

Hakuachia. Jua linamchoma, kitenge kinapeperuka, kalishika bomba vile vile.

"Mama, imeshaenda."

"Nimesikia. Ngoja kwanza ifike."

Tukamwacha. Nyamisi akaenda akasimama naye, akaweka mikono yake juu ya ya mama.

Majibu yalikuja Jumatatu, na dada alisafiri.

Nilichojifunza: kabla hujavuruga kernel, toka nje uangalie antena. Na mtu wa nyumbani akinyamaza, muulize, usimtungie majibu.

Haya, mliohangaika na Linux enzi hizo, shusheni visa vyenu. Na wewe Nyamisi, najua unasoma, sahihisha nilipokosea.